Bembea ya mtoto mdogo barazani: mwongozo kamili wa kuifunga isije ikang'oka

Kila ninapoitwa kutazama bembea ya mtoto iliyoanza kulia, kwenda upande au kudondosha vumbi la mbao, kamba huwa nzima na kiti huwa bado kinanukia dukani. Ugonjwa uko juu, pale inaposhikilia. Mwenye nyumba alitumia jioni nzima kuchagua kiti cha rangi nzuri, kisha kazi ya juu akaimaliza kwa dakika 10 na skrubu mbili alizozikuta kwenye droo.

Hapa tutaanzia juu na kiti kitakuja mwishoni. Mwongozo unahusu bembea ya mtoto mmoja, wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 4 hivi, inayofungwa kwenye baraza lenye paa la mbao. Kama baraza lako lina zege au bomba la chuma juu, soma hatua ya 1 kabla hujashika drili. Huenda safari yako ikaishia hapo, na si vibaya.

## Vifaa

Usinunue bolti kabla ya kumaliza hatua ya 1 na ya 2, kwa sababu boriti ndiyo itakayokuambia urefu wake. Lakini hii ndiyo orodha, ujue unachokwenda kutafuta.

Vya kufungia:

- Kiti cha ndoo, kile kinachomzunguka mtoto pande zote na chenye matundu mawili ya miguu. Kibao bapa kingoje akue.
- Bolti 2 za pete zenye unene wa milimita 12. Pete iwe imefungwa kabisa, ama imefuliwa kipande kimoja na bolti ama imechomelewa. Urefu wa mguu wake uwe kimo cha boriti, ongeza sentimita 3 hadi 4.
- Nati 2 za kujikaza (zile zenye duara la nailoni ndani) na washa 4 pana (visahani vya chuma vyenye tundu katikati), za sentimita 4 hadi 5.
- Karabina 4 za chuma, yaani pete zenye mlango unaofungwa kwa kuzungusha, kila moja ikiwa imechapwa uwezo wa kubeba usiopungua kilo 200.
- Kamba ya poliesta ya milimita 12, au mnyororo wa chuma uliopakwa zinki.
- Mikeka minene ya mpira ya viwanja vya michezo. Tutaizungumzia kwa kirefu.

Zana: drili, biti za mbao za milimita 4, 8 na 12 zilizo ndefu kuliko kimo cha boriti, futi, pimamaji, penseli, spana 2, bisibisi, koleo, msumari mwembamba, ngazi imara na miwani ya kazi. Ongeza chupa ya rangi ya kucha. Sikutanii, utaona kazi yake.

Vya kuacha dukani: kulabu zilizo wazi, skrubu za kuning'inizia vyungu vya maua, kulabu za feni, na karabina ndogo za kufungia funguo. Hizo za funguo ni rahisi kuzichanganya na za kweli kwa sababu zina umbo lilelile. Kisichochapwa uzito, usikitumie.

## Kwa nini uzito wa mtoto si kipimo

Hapa ndipo hesabu za wengi zinapopotea. "Mtoto mwenyewe ana kilo 13, hii skrubu si itabeba tu?" Itabeba, bembea ikiwa imesimama. Lakini bembea ikiachiliwa kutoka pembe ya nyuzi 45, inapopita chini kabisa huvuta kwa nguvu ya karibu mara 1.6 ya uzito ulio juu yake. Ikiachiliwa kutoka nyuzi 60, ni mara 2. Ikifika kamba zimelala sambamba na sakafu, ni mara 3.

Tena haivuti kwenda chini peke yake. Inavuta mbele, kisha nyuma, mara elfu kadhaa kwa wiki ikiwa mtoto ameipenda. Mwendo huo ndio unaolegeza nati na kupanua matundu kidogokidogo, hata kama uzito ni mdogo.

Na kuna jambo ambalo hakuna maelezo ya kwenye boksi yanayolitaja vya kutosha: siku moja mjomba atakaa. Au kaka mkubwa. Kwa hiyo tunafunga sehemu ya juu kwa ajili ya mtu mzima anayebembea, na kiti kwa ajili ya mtoto.

## Hatua ya 1: Tafuta mti unaobeba

Ubao wa dari haubebi kitu. Jipsamu haibebi kitu. Papi nyembamba zilizoshikilia dari zimewekwa zibebe dari tu. Unachotafuta ni boriti: mti mnene unaopita juu ya baraza na kukalia nguzo au ukuta kwa ncha zote mbili.

Boriti ikionekana kwa macho, una bahati. Kama imefichwa na dari, gonga kwa kifundo cha kidole ukienda polepole. Penye uwazi husikika mvumo, penye mti sauti hukauka. Thibitisha kwa msumari mwembamba: ukizama kwa urahisi baada ya kupita dari, uko hewani. Njia bora zaidi ni kupanda darini na kutazama. Ukiwa huko, angalia nyaya za umeme zinapopita na uziwekee alama.

Sasa pima. Kwa mti mmoja, sitaki uwe chini ya sentimita 10 kwa 15, umesimama kwa upande wake mrefu. Mbao mbili za sentimita 5 kwa 15 zilizobanwa pamoja kwa bolti zinafaa pia. Ubao mmoja wa sentimita 5 usiutoboe katikati, kwa sababu tundu la milimita 12 huuacha na nyama ndogo mno kila upande.

Kisha chukua bisibisi uuchome mti sehemu mbalimbali, hasa karibu na ukuta na mahali paa linapovuja. Mti mzima hukataa. Bisibisi huacha alama ndogo tu. Mti uliooza au ulioliwa na mchwa huipokea kama mkate. Ukiona vijitundu vyenye unga au ukisikia mvumo ndani ya mti, acha hapo. Tatizo lako sasa ni paa, bembea itasubiri.

Tahadhari tatu:

Kenchi, yaani fremu ya mbao zilizounganishwa kubeba paa, si boriti. Mbao za chini za kenchi zimepangwa kushikana zenyewe kwa zenyewe ili zibebe paa. Kutoboa mojawapo na kuitundika uzito unaochezacheza ni kuingilia hesabu ya aliyelijenga. Kama juu una kenchi tu, mwite fundi wa paa aweke mti wa ziada unaokalia ukuta na nguzo.

Zege. Bolti za kutanuka zikiwekwa zikitazama chini, kwenye zege ambalo hujui lina nyufa wapi, halafu zikavutwa mbele na nyuma kila siku, zinaweza kuachia bila kutoa dalili. Sizifungi kwa bembea ya mtoto. Tofali zenye uwazi na lipu ndizo mbaya zaidi. Kwa baraza la zege, nunua fremu ya kusimama yenyewe.

Bomba la chuma. Likiwa nene na limechomelewa vizuri, tumia kibano kinachozunguka bomba lote. Usilitoboe, kwa sababu tundu huingiza maji, na kutu hula kutoka ndani mahali usipopaona.

*Umefaulu ukiwa:* umeuona au umeuthibitisha mti wenyewe, umejua vipimo vyake na mahali unapokalia kila ncha, na bisibisi imegoma kuzama.

## Hatua ya 2: Pima nafasi ambayo bembea itaila

Boriti ndiyo inayoamua mwelekeo. Ukifunga pete zote mbili kwenye boriti moja, bembea itakwenda kwa kuikata boriti hiyo. Sasa fikiria: boriti ya mbele ya baraza nyingi hupita sambamba na ukuta wa nyumba. Ukifunga hapo, mtoto ataenda nje na kurudi ndani, kuelekea ukutani au dirishani. Kwa hiyo unachohitaji mara nyingi ni boriti inayotoka ukutani kwenda nguzoni, ili bembea ifuate urefu wa baraza.

Vipimo vyangu ni hivi:

Kwa pande za kulia na kushoto, sentimita 75 kutoka ukingo wa kiti hadi ukuta, nguzo au kitu chochote kigumu. Mtoto hutoa mkono, na bembea huyumba.

Kwa mbele na nyuma, hesabu kutoka kwenye urefu wa bembea yenyewe. Kama kutoka pete ya juu hadi chini ya kiti ni mita 1.9, kiti kikifika nyuzi 45 kinakuwa kimesogea mita 1.35 kutoka katikati. Ongeza miguu ya mtoto. Ongeza mtu anayepita akiwa na ndoo mkononi. Chini ya mita 2.5 kila upande sikubali, na hiyo ni kwa nyumbani na kwa kusukuma kwa upole. Kwa viwanja vya umma, Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani inapendekeza mara mbili ya urefu huo wa kutoka pete hadi kiti, mbele na nyuma. Ukiwa na nafasi, fuata hicho.

Usifunge bembea ikielekea ngazi za baraza, kioo, jiko la mkaa au mlango unaofungukia nje. Mlango ndio unaosahaulika. Simama mahali kiti kitakapokuwa, umwombe mtu afungue kila mlango na kila dirisha ulilo nalo hapo.

*Umefaulu ukiwa:* umechora kwa chaki sakafuni mstari wa mwendo wa bembea na mipaka yake, na watu wa nyumbani wameizunguka siku nzima bila kuikanyaga. Wakiikanyaga, ujue baraza hilo ni njia, na utafute pengine.

## Hatua ya 3: Weka alama na toboa

Umbali kati ya pete mbili uzidi upana wa kiti, na usipungue sentimita 50. Pete zikiwa karibu kuliko upana wa kiti, kamba hukutana juu kama paa la kibanda, na kiti huzunguka kikijipinda. Zikiwa pana kidogo kuliko kiti, bembea hujituliza yenyewe. Kwa kiti cha sentimita 40, mimi huweka sentimita 55.

Tafuta katikati ya upana wa boriti na upige mstari wa penseli. Weka alama mbili juu ya mstari huo. Epuka fundo la mti na ufa. Ukivikuta, sogeza alama zote mbili kwa pamoja.

Vaa miwani. Unatoboa ukitazama juu, na kila kitu kitakudondokea usoni.

Anza na biti ya milimita 4, kisha 8, kisha 12. Ukianza moja kwa moja na nene, biti hutembea na tundu hutoka likiwa limelala. Mtu mmoja asimame pembeni akitazama drili iko wima au imeegama. Wewe uliye chini yake huwezi kuona. Kabla biti haijatokea juu, punguza kasi, au bana kipande cha ubao upande wa pili, la sivyo mti utapasuka pale inapotokea.

Kama hufiki juu ya boriti. Hapo bolti ya kupenya haiwezekani, na watu hukimbilia skrubu ya pete. Inawezekana, lakini kwa masharti: unene usiopungua milimita 10, na meno yaliyozama ndani ya mti mzima yasipungue sentimita 7.5. Tundu la kutangulia liwe milimita 7 kwa mti laini na 8 kwa mti mgumu. Tundu likiwa jembamba mno mti hupasuka. Likiwa pana mno meno hayana cha kuuma. Paka sabuni kavu kwenye meno, uizungushe kwa kupitisha nondo ndani ya pete.

Nilifunga hivyo bembea ya mwanangu wa kwanza. Siku ile nilipiga alama ya chaki kutoka kwenye pete hadi kwenye mti, kwa udadisi tu. Baada ya wiki tatu alama mbili zilikuwa hazitazamani tena: skrubu ya kushoto ilikuwa imejizungusha nusu duara, kimyakimya, na sote tulikuwa tukikaa chini yake tukinywa chai. Tangu hapo napendelea kubandua vipande viwili vya dari kuliko kutumia skrubu.

*Umefaulu ukiwa:* matundu mawili yamesimama wima, yako katikati ya mti, na bolti inaingia kwa kusukumwa kwa mkono au kugongwa kidogo. Ikichezacheza ndani, tundu ni pana mno.

## Hatua ya 4: Funga bolti

Pete ikae chini, nati ikae juu. Kuanzia chini mpangilio ni huu: pete, washa, boriti, washa, nati.

Ukipata bolti yenye bega, yaani ukingo mpana chini tu ya pete, chukua hiyo. Bembea huivuta pete mbele na nyuma, na bega likikalia washa huizuia bolti isipinde. Washa pana za juu hazipo kwa ajili ya urembo. Bila washa, nati ndogo huuma mti na kuzama kila mwezi kidogo, na kile ulichokikaza kinakuwa kimelegea bila nati kusogea hata kidogo.

Kaza kwa spana mbili, moja ikishikilia pete na nyingine ikizungusha nati, mpaka washa ianze kubonyea kwenye mti. Usiendelee zaidi ya hapo. Mti ukilia, umepita. Baada ya kukaza, meno 2 au 3 ya bolti yaonekane juu ya nati. Yasipoonekana, bolti ni fupi na nailoni ya nati haijashika chochote.

Pete zote mbili zitazame upande mmoja. Karabina ikae kwenye pete kwa namna inayoiruhusu kuchezea mbele na nyuma bila kujisokota. Pitisha karabina, ishike kwa mkono, uibembeze. Ikigonga ukingo wa pete kila inapogeuka, zungusha pete robo duara ukaze upya. Dakika mbili hizi zitakuondolea makelele ya miezi.

Sasa rangi ya kucha. Paka mstari mmoja kuanzia kwenye meno ya bolti, ukapita juu ya nati, ukashuka kwenye washa hadi kwenye mti. Mstari huo ukivunjika siku moja, utajua nati imetembea hata kama macho hayaoni tofauti nyingine. Chini, vuta mstari mwingine kutoka kwenye pete hadi kwenye mti, huo utauona bila ngazi.

*Umefaulu ukiwa:* umeshika pete kwa mkono ukajaribu kuizungusha na kuiyumbisha, na imekaa kama imeota hapo.

## Hatua ya 5: Kamba au mnyororo

Kwa baraza mimi huchagua kamba ya poliesta. Hustahimili jua, na haivutiki sana. Nailoni ina nguvu lakini hunyumbuka, na ikilowa hupungua nguvu. Katani huoza kutoka ndani, nje ikionekana safi. Ile kamba ya plastiki ya rangi kali inayouzwa kila mahali, ya polipropilini, huliwa na jua. Ukiisugua baada ya misimu kadhaa utaona nyuzi zinageuka unga vidoleni.

Mnyororo ni imara, ila una kasoro mbili: huwaka jua likiupiga, na hubana vidole. Ukiutumia, uwazi wa kila pingili usizidi milimita 8, na sehemu ambayo mtoto anaifikia uivishe mpira wa maji.

Kamba ifungwe kwenye karabina kwa fundo la nane: kunja ncha ya kamba mara mbili, izungushe ikae kama tarakimu 8, kisha upitishe kitanzi kwenye jicho la mwisho. Kaza kwa kuvuta nyuzi zote nne moja baada ya nyingine. Acha mkia wa sentimita 15 hivi. Fundo lolote huipunguzia kamba nguvu, theluthi moja si jambo la ajabu, ndiyo maana tumechukua kamba nene kuliko inavyoonekana kuhitajika. Fundo la kufungia kamba za viatu lisikaribie hapa.

Ndani ya kitanzi weka kile kifereji cha chuma chenye umbo la tone la maji, ili kamba isisuguane na chuma. Bila hicho, kamba hukatika pale pale inapogusa karabina, na ndipo mahali pagumu kupaona ukiwa umesimama chini.

Baki zozote za kamba zinazoning'inia, kata na uchome ncha kwa moto. Mtoto mdogo hujizungushia shingoni chochote kinachoning'inia.

## Hatua ya 6: Fungia kiti

Viti vingi vya ndoo huja na kamba nne zinazokutana mbilimbili kwenye pete mbili. Kamba za mbele na za nyuma usizilinganishe urefu ikiwa maelezo ya kiti yanasema vinginevyo. Mgongo wa mtoto unatakiwa kuegama nyuma kidogo asianguke kifudifudi.

Pima urefu kiti kikiwa kimefungwa tayari, kwa sababu mafundo hula kamba zaidi ya unavyodhani. Kwenye viwanja vya umma, chini ya kiti cha ndoo hukaa sentimita 60 juu ya ardhi, ili mtoto asiweze kupanda mwenyewe bila mkubwa. Nyumbani wengine hushusha zaidi. Mimi hubaki na 60: mgongo wangu hushukuru ninapomweka na kumtoa, na mtoto hawezi kujiingiza kichwa kwanza nikiwa ndani.

Weka pimamaji kwenye ukingo wa kiti, kulia kwa kushoto. Tofauti ya sentimita 1 inatosha kukifanya kiende kwa kuchora yai.

Kiti kikija na kulabu za S, zibane kwa koleo mpaka uwazi usiruhusu hata sarafu kupita. Au zitupe uweke karabina. Kagua pia uwazi wowote kwenye kiti na kati ya kamba: ulio kati ya sentimita 9 na 23 unaweza kupitisha mwili wa mtoto na kukamata kichwa.

## Hatua ya 7: Sakafu

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, nami nitakuwa mkali. Baraza nyingi zina sakafu ya saruji, vigae au mbao. Mtoto akitoka kwenye bembea na kichwa kikagonga saruji, ubora wa bolti zako haumsaidii.

Zulia si kinga. Mkeka wa kulalia si kinga. Godoro la zamani husogea, na mtu anayesukuma huliparamia. Kinachofaa ni mikeka ya mpira iliyopimwa kwa kuangukiwa, ambayo huandikwa urefu wa juu kabisa wa kuanguka inaoweza kuukinga. Kwa bembea, urefu huo hupimwa kutoka sakafuni hadi pete ya juu. Usiupime hadi kwenye kiti. Mtoto huweza kutoka kiti kikiwa kimepaa.

Mikeka ifunike mstari wote wa mwendo uliouchora kwa chaki, na ishikane isiteleze. Kama hutaki kuiweka, au sakafu haikuruhusu, usifunge bembea hapo. Hamishia uani, kwenye fremu, juu ya vipande vya mbao vya kina cha sentimita 23 au zaidi. Mchanga peke yake kwa kina hicho unatosha kwa kuanguka kutoka mita 1.2 tu, kwa hiyo vipande vya mbao ni bora.

## Hatua ya 8: Jaribu bila mtoto

Kiti cha ndoo hakikutengenezwa kwa mtu mzima, usikae humo. Kitoe, ufunge ubao mnene kwenye karabina za chini kwa kamba fupi.

Kwanza uzito uliotulia. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo madumu 5 ya lita 20 ni kilo 100. Yafunge kwenye ubao, uyaache saa moja, usimame mbali. Sikiliza. Mti unaotulia hutoa mlio mmoja au miwili mwanzoni kisha hunyamaza. Mti unaoendelea kulia unakwambia kitu.

Kisha mwendo. Mtu mzima akae kwenye ubao na kubembea mara 50, kwa kimo ambacho mtoto hatafika. Mwingine atazame pete, si mtu.

Shuka, panda ngazi, tazama mistari ya rangi ya kucha. Pima tena urefu wa kamba. Zitakuwa zimenyooka kidogo na mafundo yamekaza, na mara nyingi upande mmoja zaidi ya mwingine. Rekebisha, rudisha kiti, pima kwa pimamaji tena.

*Umefaulu ukiwa:* mistari yote ni mizima, boriti haina ufa mpya, hakuna unga wa mbao sakafuni, na bembea tupu ukiiachia inakwenda na kurudi kwenye mstari wa chaki bila kupinda.

## Hatua ya 9: Mtoto anapopanda

Awe anaweza kukaa wima mwenyewe bila kushikwa na kukimudu kichwa chake. Kwa wengi ni baada ya miezi 6, lakini angalia mtoto, usitazame kalenda tu. Kama anayumba kiunoni, subiri.

Mvue kofia ya koti yenye kamba, kitambaa cha shingoni na mkufu. Simamisha kiti kwa mkono mmoja kabla ya kumweka, na vivyo hivyo kumtoa. Kiti kinachosogea humkwangua mguu ukiwa umekwama tunduni.

Msukume ukiwa mbele yake mara za kwanza, aone uso wako, kisha uhamie pembeni nyuma. Kiti kisipande zaidi ya kiuno chako. Akianza kusinzia, mtoe. Kichwa kikiinama kidevu kikagusa kifua, njia ya hewa ya mtoto mdogo huweza kubanwa, na bembea si kitanda hata kama usingizi umemjia vizuri.

Mkimaliza, fungua karabina za juu na uingize kila kitu ndani. Kamba na kiti vikibaki vinaning'inia barazani usiku kucha ni mtego kwa mtoto yeyote atakayepita, na jua na mvua vitavizeesha bure.

## Ukaguzi, na hitilafu zinazojirudia

Mwezi wa kwanza, kagua kila wiki. Baadaye kila mwezi, na baada ya mvua kubwa. Mbao mpya hukauka na kusinyaa, kwa hiyo nati ya wiki ya kwanza huhitaji kukazwa robo duara. Hilo ni la kawaida. Ikihitaji tena mwezi wa tatu, tafuta sababu.

Inalia. Mara nyingi ni chuma kwa chuma kwenye pete. Tone la grisi linatosha. Mlio ukitoka ndani ya mti, grisi haihusiki. Simamisha matumizi, kisha panda ngazi ukatazame.

Inakwenda mviringo. Kamba hazilingani, au pete hazitazami upande mmoja. Pima kamba kwanza, ndiyo rahisi.

Kiti kinajizungusha. Pete ziko karibu mno. Hakuna ujanja wa kamba unaotibu hili. Toboa upya, ukiacha angalau sentimita 10 kutoka tundu la zamani, na tundu la zamani uzibe kwa kijiti kilichopakwa gundi ili maji yasiingie.

Chuma kimelika. Pitisha ukucha pale karabina inapokalia pete. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, badilisha vyote viwili kwa pamoja, kwa sababu kipya hulika haraka kikisuguana na cha zamani.

Mtoto amekua. Mapaja yakianza kubana matundu, au amepita uzito ulioandikwa kwenye kiti, kiti hicho kimemaliza kazi yake hapo. Bolti zinabaki; badilisha cha chini, na urudie hatua ya 8 na madumu yako, kwani mtoto wa kibao bapa hupaa juu zaidi na huruka kabla bembea haijasimama.